Sentimita 86

Lebo ilikuwa imeandikwa 80. Imeshonewa ndani ya shingo ya sweta la rangi ya maziwa, sweta ambalo ukilikunja linaenea kiganjani. Dada yangu, muuza nguo za watoto Kariakoo, alikuwa nayo makatoni kumi na moja ya masweta hayo, saizi 66, 73 na 80, kutoka Guangzhou, ndani ya kontena alilochangia na wenzake wawili. Namba hizo si fumbo. Ni urefu wa mtoto kwa sentimita; ndivyo Wachina wanavyopima nguo za watoto wao. Mtoto wa sentimita 80 ndiyo kwanza anaanza kujikokota kutoka kiti hiki hadi kile.

Makadirio ya ushuru yaliporudi, masweta hayo yalikuwa yamehamishwa fungu. Yalitoka 6111, fungu la nguo za vichanga, yakapelekwa 6110, fungu la masweta ya watu wote, na bei ya kulinganishia iliyotumika ikawa ya sweta la mtu mzima. Mtoto anayetambaa akakadiriwa sawa na dereva wa lori la Tunduma. Nikamuuliza dada alipewa sababu gani. Akanitazama kama mtu anayeulizwa habari za mwezini.

"Mdogo wangu, mimi nilipewa kontrol namba. Sababu sikupewa."

Akalipa. Mzigo ulikuwa bandari kavu, storeji inapanda kila siku jua likizama, na baridi ya Juni ilikuwa mlangoni. Sitaitaja ofisi iliyofanya makadirio hayo wala wakala aliyenyamaza, kwa kuwa wao si ugonjwa, ni homa tu. Ugonjwa wenyewe ni kwamba katika nchi hii kuna kitabu kinachoamua bei ya nguo iliyo mwilini mwako, na kitabu hicho kimewekwa mahali ambapo wewe unayelipa huwezi kukifikia. Nimekasirika, na nitaeleza kwa nini, hatua kwa hatua, maana hasira isiyojua sheria ni kelele za daladala.

Kitabu chenyewe ni Jedwali la Ushuru wa Pamoja wa Forodha la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Limejengwa juu ya namba za HS, mfumo ulioanza kutumika duniani Januari 1, 1988, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani kule Brussels. Zaidi ya nchi na maeneo 200 yanautumia, na tarakimu sita za mwanzo ni zilezile kila mahali, iwe Mombasa, Rotterdam au Shanghai. Nguo zilizofumwa kwa vitanzi zimepewa sura ya 61, yenye mafungu kumi na saba, kuanzia 6101 ya makoti hadi 6117 ya mitandio na vikorombwezo. Nguo za kitambaa cha mtande na mshindio zimepewa sura ya 62. Mitumba imewekwa pembeni, sura ya 63, fungu la 6309.

Na waandishi wake, lazima tuwape haki yao, walifikiri. Wameandika tanbihi zinazosomeka kama fundi cherehani aliyesomea sheria. Fulana isiyo na kola wala vifungo ni 6109. Ikipata kola na vifungo viwili vitatu kifuani inahamia kwenye mashati, 6105 ya kiume au 6106 ya kike. Shati hilohilo likiwekwa mfuko chini ya kiuno, au likabanwa kwa mpira au kamba pindoni, linafukuzwa kwenye mashati. Lisipofikisha wastani wa mishono kumi kwa kila sentimita, kila upande, nalo halikai humo. Taiti isiyofunika wayo ni suruali. Ikifunika wayo imekuwa soksi. Sidiria, hata ifumwe kwa vitanzi kuanzia kamba hadi kifungo, iko sura ya 62 na mjadala umefungwa. Vazi linalofungwa mbele, kushoto juu ya kulia, ni la kiume. Kulia juu ya kushoto ni la kike. Na lisilojulikana ni la nani linahesabiwa la kike. (Wanawake wa nchi hii wamezoea kukabidhiwa kila mzigo usio na mwenyewe, hivyo sidhani watashtuka.)

Katikati ya tanbihi hizo iko moja ninayotaka uikariri kabla hujageuza ukurasa. Inasema nguo za vichanga ni zile za mtoto ambaye urefu wa mwili wake hauzidi sentimita 86. Tena inaongeza kwamba nguo ikistahili kuingia 6111 na pia ikastahili kuingia fungu jingine la sura hiyo, basi iwekwe 6111. Hapo hakuna nafasi ya hiari wala "tutaangalia". Sweta la mtoto lina sifa mbili, ni sweta na ni la mtoto, na sheria imekwisha amua kwamba utoto unashinda. Lebo ilisema 80. Sheria inasema 86. Hesabu hiyo anaifanya mtoto wa darasa la kwanza.

Kwa hiyo nani alishindwa kuifanya? Wote, kwa sababu hakuna aliyetarajiwa kuifanya. Mfanyabiashara hajui kama tanbihi ipo. Wakala wa forodha, ambaye ndiye anayejaza tansadi, ile hati ya tamko la forodha, ana wateja arobaini wiki hiyo na analipwa kwa mzigo kutoka, halipwi kwa mzigo kuainishwa sawasawa. Mkadiriaji ana lengo la makusanyo juu ya kichwa chake. Na dada yangu yuko upande wa pili wa dirisha, akiwa na simu mkononi, akingoja ujumbe wa malipo.

Utaambiwa, kwani kuna tofauti gani? Nguo zote si zinalipa asilimia ileile? Hapo ndipo moto wangu unapopata kuni.

Mpaka mwaka 2022 Jumuiya ilikuwa na viwango vitatu: 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa za kati, 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Julai 1, 2022 kikaongezwa cha nne, asilimia 35, na nguo zilizokamilika zikasukumwa humo kwa mkupuo mmoja. Koti la tajiri na soksi za kichanga. Sweta la kashmiri na sweta la akriliki la mwanafunzi wa Makete anayeamka alfajiri nyasi zikiwa nyeupe kwa umande ulioganda. Mafungu kumi na saba, mishono ikahesabiwa, mtoto akapimwa hadi sentimita, kisha mwisho wa safari yote hiyo mlango ni mmoja na kiingilio ni kimoja. Ni kama mganga anayekuuliza maswali mia, akagusa ulimi, akapima mapigo, halafu akampa kila mgonjwa panadoli.

Basi ainisho likipoteza kazi yake ya kutofautisha kiwango, linabaki na kazi moja isiyosemwa: kuchagua bei. Kila namba ina bei zake za kulinganishia, na ukimhamisha mtoto kutoka fungu lake kwenda la mtu mzima, asilimia inabaki 35 lakini inakatwa kwenye kitu kinene zaidi. Piga hesabu. Sweta lenye thamani ya shilingi 10,000 likifika bandarini linalipa ushuru 3,500. Kisha VAT ya asilimia 18 inakatwa juu ya 13,500, siyo juu ya 10,000, nayo ni 2,430. Umefika 15,930 kabla ya tozo ndogondogo, storeji, wakala, mkokoteni na kodi ya fremu. Sasa yule aliyeamua kwamba sweta hilo si la shilingi 10,000 bali 18,000, kwa sababu ameliweka kwenye fungu la wakubwa, amekupandisha hadi 20,674, maana kodi inakatwa juu ya 18,000 hata kama ulinunua kwa 10,000. Kiwango hakikuguswa. Kilichobadilika ni tarakimu moja ya mwisho, 1 ikawa 0, na hiyo 0 imekula faida ya msimu mzima.

Ndiyo maana sikubali kuambiwa kwamba namba za HS ni mambo ya wataalamu. Ni mambo ya mama anayenunua sweta la mtoto kwa bei iliyopikwa kwa namba hizo. Mlipaji wa mwisho si dada yangu. Ni yule anayefika dukani na elfu kumi, akaambiwa haitoshi, akaondoka akimfunika mtoto kwa khanga.

Na khanga nayo ina kisa chake. Hiyo ni ya mtande na mshindio, na pamoja na kikoi na kitenge imo kwenye orodha ya bidhaa nyeti, kwa asilimia 50. Sababu inayotolewa ni kulinda viwanda vyetu, na kwa khanga naielewa, walau kwa heshima ya marehemu. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, Mwatex kikawa Mwanza, Mutex Musoma. Hao walikuwa wafumaji wa vitambaa na wachapaji wa khanga na kitenge. Mashine zao zilitandika nyuzi na kupitisha mshindio. Kila tunapopandisha ushuru wa masweta ya vichanga, kumbukumbu zao huinuliwa kama jeneza kwenye mkutano wa hadhara, ilhali hawakuwahi kuishi kwa kufuma masweta. Wafumaji wa vitanzi wapo, wa kweli, Arusha viko viwanda vikubwa vinavyofuma na kushona, na Nyanda za Juu Kusini wako akina mama wenye mashine za mkono wanaofuma sweta za shule moja moja. Hao walindwe, nami nitapiga kelele pamoja nao. Lakini nionyesheni sera inayowalinda kwa jina, inayojua wanafuma nini, saizi gani, kwa uzi upi. Anayelinda shamba hujua mpaka wa shamba. Watunga sera wetu wamezungushia ukuta kijiji kizima, pamoja na kisima.

Sasa tuseme wazi jambo ambalo wenzangu wa Kariakoo hawatalipenda. Wapo wakwepaji, na wanajua namba kuliko wengi wetu. Fungu la 6309, la mitumba, linalipa asilimia 35 au senti 40 za dola kwa kilo, kikubwa kati ya hivyo. Robota la kilo 45 kwa kipimo hicho cha kilo ni dola 18. Sasa chukua kilo 45 za fulana mpya, zenye lebo za bei bado zinaning'inia, mabaki ya msimu yaliyokosa mnunuzi Ulaya, uzibane kwenye robota, ufunge mikanda, uandike mitumba. Thamani iliyotangazwa inashuka mpaka chini ya mchanga. Tanbihi ya sura ya 63 inalijua jambo hilo: ili nguo iwe mtumba lazima mambo mawili yawepo kwa pamoja, ionyeshe alama za wazi za kuvaliwa, na iwe imeletwa kwa wingi bila mpangilio au kwenye marobota, magunia na vifungashio vya namna hiyo. Robota peke yake halimgeuzi mpya kuwa mzee. Anayefungua mzigo pale soko la Karume au Gikomba anazijua nguo hizo kwa harufu tu, na hushangilia, na simlaumu. Namlaumu anayeona kontena zima la ujanja likipita kisha anamkamia mwenye makatoni kumi na moja ya masweta ya vichanga kwa sababu huyo hana wa kumpigia simu.

Mitumba yenyewe ilitufundisha kwamba fungu moja la ushuru linaweza kutikisa mahusiano ya mataifa. Wakuu wa Jumuiya walikubaliana mwaka 2016 kuiondoa hatua kwa hatua. Rwanda ikapandisha kutoka senti 20 hadi dola 2.50 kwa kilo; robota lile la kilo 45 likawa dola 112.50. Wauzaji wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao mwaka 2017, na Julai 2018 Rwanda ikasimamishiwa msamaha wa nguo chini ya AGOA, sheria ya Marekani ya upendeleo wa biashara kwa Afrika. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa zimekwisha rudi nyuma. Kwa ajili ya namba moja ya tarakimu nne, marais walikaa, mabalozi wakaandika barua. Halafu mtu aniambie ainisho ni karatasi za makarani.

Hao Wamarekani wenyewe wanazitumia namba hizi kwa namna inayotia kichefuchefu, ila angalau wanazitumia. Kwa viwango vyao vya kawaida, kabla hujaongeza nyongeza za Trump za mwaka 2025, sweta la nyuzi za kiwandani, akriliki au poliesta, linalipa asilimia 32. La pamba, 16.5. La kashmiri tupu, 4. Lenye hariri asilimia 70 au zaidi, 0.9. Umesoma vizuri: maskini wa Chicago anayenunua sweta la poliesta hulipia kiwango mara nane ya anayevaa manyoya ya mbuzi wa kashmiri. Namba hizo zinafika mpaka Athi River, kwenye viwanda vya Kenya vinavyowashonea Wamarekani, kwa sababu AGOA, iliyopitishwa mwaka 2000, ndiyo iliyoigeuza 32 hiyo kuwa sifuri kwa nguo za Kiafrika. Muda wake ulipofika ukingoni Septemba 30, 2025, hakuna mwenye kiwanda pale aliyehitaji kufasiriwa uzito wa 32. Wamarekani wameipindua ngazi, tajiri chini, maskini juu. Sisi tumeivunja ngazi tukailaza chini, tukasema sasa tuko sawa. Mtoto wa kichanga kwa macho yetu ni sawa na mnunuzi wa kashmiri. Sioni la kujivunia.

Afadhali ya mababu. Septemba 1833 Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, ushuru asilimia 5 kwa shehena inayoshushwa, na merikani ikamiminika Unguja kutoka Salem kwa majora. Kiwango kimoja, kila mtu anakijua, mpaka mchukuzi wa forodhani. Ila hata pale ujuzi wa hesabu ulikuwa mali ya mtu: forodha ilikodishwa, na kwa miaka mingi aliyeikodi alikuwa Jairam Shivji, tajiri wa Kihindi kutoka Kutch, ambaye daftari lake lilikuwa neno la mwisho. Miaka karibu mia mbili baadaye kiwango kimepanda mara saba, na daftari bado limefungwa.

Limefungwa kwa lugha. Nimekuwa nikizunguka, sasa nimefika.

Mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1999, ibara ya 137, uliweka Kiingereza kuwa lugha rasmi na kukiachia Kiswahili ahadi ya kukuzwa kama lugha ya mawasiliano. Tanzania, mwaka 2021, Bunge lilibadilisha sheria kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Mwaka huohuo UNESCO ikaitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tunavaa batiki kila Julai 7, tunakata keki, tunasoma mashairi. Na muuza nguo wa Mtaa wa Kongo bado anakadiriwa kwa kitabu cha Kiingereza ambacho hata Mwingereza wa kawaida hakielewi.

Nimewahi kuambiwa, na msomi, kwamba haiwezekani kutafsiri sura ya 61 kwa sababu Kiswahili kina neno moja tu, kufuma. Mfumaji wa kikoi anafuma, na bibi mwenye sindano mbili na kibumba cha uzi anafuma. Ni kweli. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini huyu ni profesa, basi tumwambie. Lugha hiyohiyo ina mtande, nyuzi zilizotandikwa kwa urefu. Ina mshindio, nyuzi zinazopitishwa kwa upana. Ina kitanzi. Kitambaa cha sura ya 62 kina mtande na mshindio. Cha sura ya 61 ni vitanzi, uzi ukipita ndani ya kitanzi chake mwenyewe kama mtu anayejifunga na kujifungua. Tafuta uzi uliokatika kwenye shati la kitambaa uuvute: utachomoka uzi mmoja. Vuta wa sweta kuukuu la kufuma kwa mkono: litafumuka mstari hadi mstari, mpaka ubaki na uzi mkononi na aibu kifuani. Neno kufumuka lenyewe limekuwepo likingoja kazi hii. Kwa maneno hayo matatu, mtande, mshindio na kitanzi, nimemweleza dada yangu tofauti ya sura mbili kwa muda wa kunywa kahawa moja, na akanirekebisha mara mbili.

Kwa hiyo tusidanganyane kuhusu ugumu. Kilichokosekana ni nia, na nia imekosekana kwa sababu giza lina wanaofaidika nalo. Wakala anayeshika kitabu peke yake anauza ujuzi kwa bei ya siri. Mkadiriaji asiyeulizwa sababu hana haja ya kuwa nayo. Na mfanyabiashara asiyejua fungu lake ndiye anayekubali haraka anaponong'onezewa kwamba "hili jambo linaweza kuzungumzika". Rushwa haianzii kwenye tamaa peke yake. Inaanzia pale mtu mmoja anapojua na mwingine hajui.

Mei 2023 Kariakoo ilifunga maduka, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda kuwasikiliza wafanyabiashara Mnazi Mmoja, na Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Kikosi kazi cha kodi, makadirio, mizigo, risiti, yote yalisemwa kwenye vipaza sauti. Nilisikiliza kwa makini nikingoja mtu mmoja, upande wowote, ataje namba ya fungu. Hakuna niliyemsikia. Wafanyabiashara walilia kwamba kodi ni kubwa, serikali ikajibu kwamba kodi ni lazima. Ni kama wanandoa wanaogombana juu ya chumvi bila mmoja wao kuonja mchuzi.

Haki zenyewe zimo humohumo kwenye sheria. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, kifungu cha 229, inampa yeyote asiyeridhika na uamuzi wa forodha siku 30 za kuomba upitiwe upya na Kamishna, na asiporidhika bado ana njia ya kwenda baraza la rufani za kodi. Kuna uamuzi wa mapema pia: unapeleka sampuli na maelezo kabla mzigo haujapakiwa, unajibiwa kwa maandishi kwamba bidhaa yako ni ya fungu fulani. Makubaliano ya kurahisisha biashara ya Shirika la Biashara Duniani, yaliyoanza kutumika Februari 22, 2017, yanazidai nchi wanachama zitoe huduma hiyo. Dada yangu ana miaka kumi na minne kwenye biashara hii. Siku 30 alizisikia kwangu, siku ya 41.

Lakini adhabu alikuwa anazijua, maana hizo hutangazwa. Ukitoa tamko la uongo forodhani, sheria hiyohiyo, kifungu cha 203, inakutishia hadi miaka mitatu jela au faini hadi dola 10,000. Sawa, mwongo aadhibiwe. Ila sijaona pahala panapoandikwa mkadiriaji aliyemgeuza kichanga kuwa mtu mzima analipa nini.

Mheshimiwa Waziri wa Fedha, bajeti husomwa Juni, na kabla ya Juni mawaziri wenzako wa Jumuiya hukutana kupanga nani anaruhusiwa kutotumia kiwango kipi kwa mwaka unaofuata. Kila mwaka Gazeti la Jumuiya hujaa maombi hayo: chuma, mchele, karatasi, mafuta ya kula. Ombeni la 6111. Mistari michache tu, nguo za vichanga, nguo ambazo mtoto huzivaa miezi minne akazikua. Na mkiwa hapo tazameni 6115.10, soksi za kubana wanazovaa wenye mishipa ya miguu iliyovimba, wajawazito wengi wakiwamo, na wauguzi wanaosimama zamu ya usiku. Kwa kuwa zimefumwa kwa vitanzi ziko sura ya 61 pamoja na soksi za mpira wa miguu, wakati vifaa vya mifupa vya 9021, mikanda ya mgongo na magongo, haviguswi na ushuru. Kitabu kimezitenga kwa tarakimu zake mwenyewe ili nchi yenye huruma iweze kuzitambua. Hatuhitaji hata kuvumbua. Tunahitaji kusoma.

Najua jibu, nimelisikia: ukifungua dirisha kwa vichanga, kesho kila sweta litakuja na lebo ya 80. Ndiyo, wapo watakaojaribu. Basi pimeni! Sweta la mtu wa kilo tisini haligeuki la kichanga kwa lebo. Kuna kitu kinaitwa macho. Serikali inayoweza kuweka stempu ya kielektroniki kwenye chupa ya maji haiwezi kushindwa kupima sweta.

Na kila makadirio yanayobadilisha fungu yaandikwe sababu, kwa Kiswahili, kwa sentensi moja: nimehamisha kutoka hapa kwenda pale kwa sababu ya tanbihi hii. Sentensi moja tu. Anayeweza kudai mamilioni anaweza kuandika sentensi moja.

Jumamosi iliyopita nilipita dukani kwa dada. Pembeni ya kikokotoo amebandika karatasi ya daftari, mwandiko wake mwenyewe, tanbihi ya vichanga kwa Kiswahili tulichokitafsiri pamoja, na chini yake ameandika 30 akaizungushia duara. Alikuwa anajiandaa kwenda kuangalia mzigo mwingine bandari kavu. Akafungua mkoba kunionyesha kitu: futi ya fundi, ile ya kitambaa cha njano, imekunjwa pamoja na nyaraka. Ameitia alama kwa rangi ya kucha, nyekundu, kwenye sentimita 86.